Tupeane uzoefu: mwanamke aliyeonewa anapataje sauti ndani ya riwaya?

Mwanzisha mada, Mbeya mjini
Wadau wa kusoma na kuandika, kamwene huko Iringa na Njombe, poleni na baridi. Miswada inayoletwa kwenye kundi letu la wasomaji inafanana mno. Sura ya kwanza mwanamke anapigwa, ya nne anasimama kwenye kikao cha ukoo na kuhutubia, ya tano ameshapona na anaolewa na daktari. Msomaji haamini. Mliosoma sana, mnaohariri na mnaofundisha: sauti inaanzia wapi hasa? Leteni mifano yenye matukio.

Mwalimu wa fasihi, Tukuyu
Hicho kikao cha ukoo kimenikumbusha Celie wa *The Color Purple*, riwaya ya Alice Walker ya 1982. Mazingira mnayajua: vijijini Georgia, Marekani, binti wa miaka 14 anabakwa na mtu anayeamini ni baba yake, kisha anakatazwa kumwambia yeyote isipokuwa Mungu. Basi anamwandikia Mungu barua. Katika barua ya kwanza kabisa, maneno "Mimi ni" yamekatwa kwa mstari. Riwaya imeanza na mtu asiyeweza kumaliza sentensi inayomtaja yeye mwenyewe!

Watoto wake wawili wanachukuliwa. Anaozwa kwa mgane mwenye watoto, na ng'ombe anaongezwa juu ili bwana akubali. Akipigwa anajigeuza mti moyoni asisikie. Kisha anakuja Shug Avery, mwimbaji, mpenzi wa zamani wa mume huyohuyo. Celie anamuuguza, na siku moja anamwambia kwamba anapigwa. Shug anashtuka, anauliza anapigwa kwa nini, kisha anamkumbatia na kuahidi hataondoka mpaka ajue kwamba mume hatampiga tena.

Pabaya kuliko pote ni pale zinapogundulika barua za Nettie, mdogo wake, ambazo mume alizificha miaka na miaka. Celie anajikuta amesimama nyuma ya kiti cha mume, wembe umefunguliwa mkononi. Shug anaingia na kuuomba ule wembe kwa kisingizio cha kukata kikucha. Baadaye anampa kazi ya kushona suruali, na mkono uliokuwa na wembe sasa umeshika sindano. Ndipo, barua nyingi baadaye, mezani mbele ya watu, Celie anamwambia mume ukweli wote na kuondoka kwenda Memphis. Hesabuni wenyewe yaliyotangulia hotuba ile: barua, mtu mmoja aliyeamini, hasira iliyopata mahali pa kwenda, na kazi ya mikono. Miswada yetu inaruka yote hayo.

Msomaji, Uyole
Hapo kwenye wembe ndipo kitabu kizima kinapogeuka. Naunga mkono.

Mhariri, Iringa
Mwalimu, nakuheshimu, lakini kwa nini tuvuke bahari? Tunaye Rosa wa Kezilahabi, *Rosa Mistika*, 1971. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya kijana, na kuanzia hapo Rosa hajui tena namna ya kuwa na sauti mbele ya mwanamume yeyote. Mwisho anajiua. Huo ndio ukweli wa nyumba zetu. Hizi habari za kupona ni za kuwafurahisha wasomaji.

Mwalimu wa fasihi, Tukuyu
Ndugu mhariri, Rosa ni ushahidi wa hoja yangu. Tafuta ndani ya kitabu kile mtu mmoja mzima anayemsikiliza Rosa bila kumhukumu. Mama yake, Regina, naye anapigwa na mume huyohuyo. Kwa Celie barua ni mahali pa kupumulia, kwa Rosa barua imeleta kipigo. Kezilahabi alionyesha kinachotokea msikilizaji asipokuwepo. Anayetaka mhusika wake apone lazima amwandike huyo msikilizaji, tena amwandike kama mtu kamili mwenye shida zake.

Mhariri, Iringa
Hilo la msikilizaji nalipokea. La kwamba kila riwaya iishie kwenye kupona, hapana.

Muuguzi, Njombe
Waandishi wengi wanasahau mwili. Aliyebakwa mara nyingi hapigi kelele, mwili unaganda. Kumbukumbu mara nyingi haiji kama hadithi iliyonyooka, inakuja vipande: harufu ya ulanzi mdomoni mwa mtu, mlio wa komeo, buti kwenye korido. Mhusika anayesimulia kila kitu kwa mpangilio siku ya pili yake si wa kuaminika.

Na utaratibu uwe sahihi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na zinamezwa siku 28. Za dharura za kuzuia mimba mwisho ni saa 120. Fomu ya polisi ni PF3, inayojazwa kituoni na kituo cha afya, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa, na nguo zikunjwe kwenye karatasi maana mfuko wa plastiki unaozesha ushahidi. Kuna mswada ambao shangazi anamwogesha binti kwanza "apate kutulia". Shangazi anaweza kufanya hivyo kwa upendo kabisa, ila mwandishi ajue kwamba ushahidi mwingi umeshapotea, na sura zinazofuata zibebe hasara hiyo.

Kijana wa Mafinga
Mimi naona dawa ni arudishe kipigo. Sofia wa kitabu hichohicho cha Celie anapigana na mumewe mpaka mume anavimba uso!

Mwalimu wa fasihi, Tukuyu
Endelea kusoma, mwanangu. Sofia anaombwa na mke wa meya awe mtumishi wake, anakataa, anapigwa kofi na meya, naye anamwangusha. Polisi wanampiga mpaka jicho linapofuka, anafungwa, kisha anafanywa mtumishi wa mke yuleyule kwa miaka. Mwanamke aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote ananyamazishwa.

Mama wa Kyela
Huyu Sofia ameniumiza kuliko huyo Celie. Watoto wake walibaki na nani?

Mwalimu wa fasihi, Tukuyu
Na ndugu zake, mama. Alipokuja kuwaona baadaye walikuwa hawamzoei tena.

Mama wa Kyela
Mungu wangu. Lakini mwisho Celie amsamehe mume. Bila msamaha hakuna kupona.

Msaidizi wa kisheria, Makambako
Mama, shikamoo. Mume anapomwomba waoane upya, Celie anakataa, anampa urafiki tu. Wanakaa barazani wanashona pamoja, na mume ndiye aliyebadilika kwanza. Tusiwafundishe wasomaji kwamba kusamehe ni kurudi.

Kwa wanaoandika mambo ya hapa: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumpiga mwenzi. Kabla ya kesi ya talaka kwa kawaida shauri linapita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na likishindwa kusuluhisha linatoa hati. Msimpeleke mhusika mahakamani moja kwa moja bila sababu. Sura ya baraza ina utajiri: wajumbe wanaomjua mumewe, maswali ya "ulimjibuje mpaka akakupiga". Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa. Mwanamke anayezitaja mbele ya baraza kuni, maji na palizi ameshapata sauti, hata akishindwa siku hiyo.

Mwandishi wa hadithi za mfululizo, Mwanjelwa
Upande wa lugha: sura za mwanzo jazeni kauli ya kutendwa. Niliozwa, nilipelekwa, niliambiwa, nilipigwa. Kisha vitenzi vya kutenda viingie kimoja kimoja, kwa vitu vidogo: nilificha, nilihesabu, nilikataa chai. Msitangaze mabadiliko, msomaji atayasikia. Na jina: Celie kwa muda mrefu anamwandika mume kama "Bwana" na mstari mtupu, baadaye ndiyo anamwita Albert.

Mweka hazina wa kikoba, Rungwe
Mpeni hela yake. Aingie kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, anunue hisa kila wiki, daftari likae kwa mwenzake. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kwa hiyo mume hawezi kumlazimisha afungue.

Mama wa Kyela
Kuficha hela kutaongeza kipigo. Amwambie mume wazi.

Muuguzi, Njombe
Hapana, mama. Siku mume anapohisi kwamba mke anaondoka ndiyo ya hatari kuliko zote. Aandae kwanza nguo, vyeti vya watoto, nauli na mahali pa kulala.

Mwanzisha mada, Mbeya mjini
Na huyu wa kwenye mswada wetu anachuma chai, namba ya kupimia majani, ambayo malipo yanapitia, ni ya mume. Nimtoeje?

Mweka hazina wa kikoba, Rungwe
Afungue namba yake, hata kwa kipande kidogo cha shamba alichopewa na mama yake. Ila mmeweka sura hiyo Julai, na Julai kwa baridi hii majani ni machache. Ihamishieni Machi, mvua zikiwa zimekolea, ndipo kilo zitamtosha nauli.