Watu wa kale walihesabu aje kabla ya namba?

Mama_wa_Gredi4
Habari zenu wadau. Jana usiku binti yangu alikuwa anafanya homuwaki akaniuliza, mami nani alianzisha hesabu? Nikamwambia ni Waarabu. Akauliza sasa kabla yao mtu alikuwa anajuaje mbuzi mmoja amepotea, nikakwama. Nisaidieni juu nimemuahidi jibu leo jioni.

Ticha_Hesabu
Mama huyo mtoto ana kichwa, usimkatize. Mwambie unaweza kuhesabu bila kujua namba hata moja. Mbuzi akitoka bomani unaweka jiwe, mwingine akitoka jiwe lingine, jioni kila anayeingia unaondoa moja, jiwe likibaki basi kuna mbuzi hajarudi. Wengine walichonga mifupa, na mifupa ya zamani sana imetoka huku kwetu Afrika! Pale Border Cave, Afrika Kusini karibu na Eswatini, kulipatikana mfupa wa nyani wenye mikato 29, una zaidi ya miaka 40,000. Halafu kuna ule wa Ishango, Kongo, kando ya Ziwa Edward, hapo ng'ambo ya Uganda tu, Mbelgiji anaitwa Jean de Heinzelin aliuchimbua 1950, una miaka kama 20,000 na safu tatu za mikato. Safu moja ni 11, 13, 17, 19, jumlisha unapata 60, nyingine ni 9, 19, 21, 11, tena 60. Nikiandika hizo ubaoni darasa linanyamaza. Kinachoniuma ni kwamba mfupa huo uko Brussels, Ubelgiji, na watoto wetu hawajawahi kuuona.

MtuWaMawe
Ticha nakubaliana na wewe ila tusimjaze mtoto mambo. Hizo 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa zote, yaani zinagawanyika kwa moja na kwa zenyewe tu, kwa hivyo watu hukimbilia kusema wazee wa Ishango walizijua namba tasa, lakini namba tasa huwezi kuielewa kama hujaelewa kugawanya, na mfupa hauonyeshi hilo. Mtafiti mmoja, Alexander Marshack, aliona ni kalenda ya kufuata mwezi wa angani, wengine wanasema ni mikato ya kushikia tu mkono usiteleze. Na ule wa Border Cave umevunjika upande mmoja, pengine ilikuwa zaidi ya 29.

Mjukuu_wa_Shosho
Mimi naona ushahidi mwingine uko mdomoni. Kwa Kikuyu sita ni ithathatu, hapo unasikia tatu na tatu, nane ni inyanya, nne na nne. Jirani yangu Mjaluo sita kwake ni auchiel, yaani tano na moja, mkono umejaa ukaanza mwingine. Kwa hivyo mama hukukosea sana, sita saba na tisa za Kiswahili tulizitoa kwa Waarabu, lakini moja mpaka tano, nane na kumi ni zetu za Kibantu. Na shosho yangu alikuwa hataki kabisa tuhesabu mbuzi kwa kidole, alisema ni mkosi, lakini jioni alisimama mlangoni akaangalia tu akasema yule wa doa hayuko, na kweli hayuko.

Mama_wa_Gredi4
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempa maharagwe apange moja kwa kila mtu wa hii nyumba, amepanga vizuri, halafu akaondoa la baba yake juu yuko safari akaniuliza, mami, na wote wakienda, hapa tutaandika nini? Ticha rudi tafadhali, hiyo si ndiyo sifuri?