Yule fundi mnayemjua kanibadilishia brekipedi za nyuma. GARI LANGU HALINA BREKIPEDI ZA NYUMA!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie. Simtaji jina, mnamjua. Yule ambaye ovaroli yake haijawahi kuonja tone la oili, na akifungua boneti anaguna kama daktari anayetafuta pa kuanzia kukupa pole.

Nilipeleka gari kwa mlio wa mbele. MBELE. Bili inakuja: plagi, filta, "huduma ya mfumo" (mfumo upi? hata yeye hajui), na brekipedi za nyuma. Nikasema nipe za zamani nizione. Bila haya akanikabidhi pedi zimelika hadi chuma, kazifunga kwenye gazeti vizuri kabisa. Wakuu, nyuma kwangu ni dramu! Dramu ina shuu, pedi ni za diski! Kazing'oa kwenye gari la nani? Kuna mtu saa hizi anateremka mlima anakanyaga hewa?

Na aliniangalia machoni! "Bosi, hizi zilikuwa zimekwisha, una bahati." BAHATI! Pedi! Za dramu!

Mlio bado upo.

Tairi la Spea: Umepewa pedi za bure unalalamika. Ulilipa?

Mleta uzi: Swali lako halihusiani na mada.

Tairi la Spea: Kalipa huyu 😂😂

Gia ya Tano: Mkuu, kabla hajashika spana aandike bei ya kipuri kando na ya ufundi kando. Wangu alichomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikaleta P0301, akasema injini tushushe. Namba hiyo inasema silinda ya 1 inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa, basi. Nikahamishia koili yake (inayoipa plagi umeme) silinda ya 2, ikaja P0302, yaani sasa ya 2 ndiyo inamisi. Kumbe koili tu!

Mleta uzi: Sawa, lakini wako alikupa pedi za dramu?

Mama Klachi: Nendeni mkiwa wanawake ndio mtajua. Wangu anachungulia siti ya nyuma kumtafuta mume wangu amweleze yeye.

Kiyoyozi: Afadhali nyie. Mimi kila joto likianza najaziwa gesi ya AC. Gesi hailiwi na gari, ikipungua inavuja mahali. Fundi halitafuti hilo tundu, akiliziba atakula wapi?

Spana 14: Mimi ni fundi. Mnaleta vipuri feki mlivyonunua wenyewe, vikifa sisi wezi.

Mleta uzi: NI YEYE! Muulizeni pedi!

Tairi la Spea: Mafundi magari mnawaonea. Fundi cherehani wangu ana suti yangu ya harusi. Bwana harusi sasa hivi anatafuta shule ya mtoto.

Mama Klachi: Wangu nilimkuta mkewe kalivaa gauni langu.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye dramu.

Kiyoyozi: Kalivaa kabisa? Lilimkaa?

Mama Klachi: Kuliko mimi.