Wapangaji wa mtaani tunawapataje kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024?

Katibu wa tawi, Buza

Wakuu habari zenu, na shikamooni walio wakubwa. Mwaka huu nimepewa ukatibu wa tawi la chama chetu hapa Buza, wilaya ya Temeke. Chama sikitaji, maana ninachouliza kinamhusu kila anayefanya siasa za mtaani na sitaki uzi ugeuke ugomvi wa bendera.

Hali ni hii. Wanachama wetu nawajua, na wa upande wa pili nawajua pia, mpaka vibaraza wanavyokaa jioni. Katikati kuna watu wengi kuliko sisi na wao tukijumlishwa. Hao kikaoni hawaji, fulana ya chama hawavai, ukiwauliza wanakwambia "tutaangalia". Wengi wao ni wapangaji. Wanatoka alfajiri kuwahi gari za Kariakoo na Posta, wanarudi usiku wamechoka. Tumefungua tawi, tumepandisha bendera, tumefanya mkutano na spika za kukodi. Waliokuja ni walewale, pamoja na watoto waliofuata muziki. Sasa mwenyekiti wa tawi anataka tukodi spika kubwa zaidi, na mimi moyo wangu unakataa.

Mliowahi kufanya kazi hii Dar mkashinda mtaa, watu wa namna hii mliwapataje?

Mama wa Vingunguti

Marahaba mwanangu. Moyo wako unakwambia kweli. Spika inawafurahisha waliokwisha kukukubali.

Mwaka 2014 nilikuwa kwenye Ukawa, ule umoja wa vyama vya upinzani, hapa Vingunguti, na mtaa wetu tuliuchukua. Mwaka uliofuata Ukawa wakapata majimbo 6 kati ya 10 ya Dar. Watu wengi wanadhani ilikuwa upepo wa Lowassa, aliyetoka CCM akawa mgombea urais wa Ukawa. Upepo ulikuwepo, sikatai, lakini sisi wa chini tulikuwa tumeshaingia kwenye nyua kabla Lowassa hajahama chama.

Nasema nyua kwa sababu mpangaji humpati barazani. Barazani anakaa mwenye nyumba. Mpangaji yuko uani, kwenye vyumba sita vinavyotumia choo kimoja na LUKU moja, na ndiyo maana mabalozi wa nyumba kumi na makatibu wengi wanampita. Angalia viongozi wa tawi lako: wangapi wanalipa kodi? Kama wote wana nyumba zao, basi mnajadili mambo ya wenye nyumba, na mpangaji analijua hilo hata kama hajawahi kuingia kikaoni kwenu.

Nenda Jumapili kuanzia saa nne, watu wakiwa wanafua. Usiende na kundi. Nenda wewe na mama mmoja anayefahamika hapo mtaani. Nakumbuka uwa mmoja karibu na bonde la Msimbazi. Dada mmoja alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, hakuinua hata kichwa. Akatuuliza: "Mwenyekiti wenu barua ya utambulisho atatoza shilingi ngapi?" Hakuuliza Katiba mpya, hakuuliza tume huru. Siku chache nyuma alihitaji barua ya mtaa afungue akaunti benki, akaambiwa alete hela ya muhuri, kisha akaambiwa hatambuliki kwa kuwa ni mpangaji na mwenye nyumba wake yuko mkoani. Wenzake uani wakaanza kutoa ya kwao mmoja mmoja. Mmoja alinyimwa saini ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya wanawake na vijana. Mwingine alilipa hela ya taka na guta halikupita. Tukakaa chini tukasikiliza. Ajenda yetu ya mtaa ilitoka pale, tena kwa maneno yao.

Kwa hiyo mgombea wako aseme mambo ambayo mwenyekiti wa mtaa anayaweza kweli. Barabara ya lami si yake. Barua ni yake. Kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano wa wananchi ni kwake. Ulinzi shirikishi, mgogoro wa LUKU kati ya mpangaji na mwenye nyumba, mfereji uliozibwa na mtu aliyejenga ukuta juu yake, hayo yanafika mezani kwake. Mtu wa katikati amechoka kuahidiwa daraja na mtu asiye na bajeti ya daraja.

Na kwenye nafasi za wajumbe wa serikali ya mtaa, simamisha mpangaji. Mwanamke, ukimpata. Sisi tulimweka mama anayeuza chapati asubuhi, na nyua zilizokuwa zimefungwa zikafunguka zenyewe.

Halafu jiandae kwa swali hili, maana Dar utaulizwa: "Nikikupa kura, utahama?" Watu hawajasahau. Maulid Mtulia, mbunge wa upinzani wa Kinondoni, alihamia CCM mwaka 2017, mwaka uliofuata wakafuata Mwita Waitara wa Ukonga na Abdallah Mtolea wa Temeke, jimbo lenu hilo. Usilikwepe na usimtukane aliyehama. Mlete mgombea mwenyewe ajibu akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kama walivyokaa wao.

Balozi wa shina, Manzese

Mimi niko CCM, na nakubaliana na mama hapo juu kwa mengi. Mashina yetu hayakujengwa na mikutano. Balozi anajua nani kalazwa Mwananyamala na nani kafiwa, anakwenda kabla hajaitwa. Chama kinachoonekana mwezi wa uchaguzi tu, wananchi wanakihesabu kama mgeni.

Ila nakuongezea vijiwe, katibu. Bodaboda wana ushawishi mkubwa, wanabeba maneno mtaa mzima kwa siku moja. Usiwaache.

Mama wa Vingunguti

Balozi, nakuheshimu, lakini kwa uchaguzi huu kijiwe ni cha pili. Kura ya serikali za mitaa inapigwa mtu anapoishi. Kijana anaegesha pikipiki Buza, analala Chamazi. Atakushangilia kutwa nzima, na kura yake iko kwingine. Katibu, ukienda kijiweni uliza kwanza analala wapi.

Na hapa ndipo pana kazi kubwa kuliko zote. Kujiandikisha ni Oktoba 11 hadi 20, siku kumi basi. Orodha hii ya mtaa ni tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Wapangaji wengi hawajui. Mtu ana kadi ya mpiga kura aliyoichukua Tabora au Lindi, anaamini hawezi kupiga kura hapa. Anaweza, maadamu ni raia, ametimiza miaka 18, ni mkazi wa mtaa huo na amejiandikisha kwenye orodha. Mwingine amesikia uboreshaji wa Daftari umeanzia Kigoma mwezi Julai, anasubiri ufike Dar, kumbe ni zoezi jingine kabisa.

Nguvu yenu iwekeni hapo. Anayesema "tutaangalia" wala usimbishie chama. Mwambie kituo cha kujiandikisha kiko wapi na kinafungwa saa ngapi. Anayerudi usiku, mkumbushe Jumamosi na Jumapili. Aliyesaidiwa kuingia kwenye orodha bila kuulizwa atampa nani kura, huyo anakukumbuka. Asipoingia, hata akikupenda hakusaidii kitu Novemba 27.

Katibu wa tawi, Buza

Asante sana mama, na wewe balozi. Hilo la orodha nilidhani kila mtu analijua. Jana nimeuliza nyumba tunayopakana nayo, vyumba vinne, hakuna aliyelijua.

Nina maswali mawili. Wenzangu wanasema bila kugawa chochote hatupati kitu, hata kanga au kilo ya sukari. Na la pili, mwaka 2019 wagombea wetu walienguliwa karibu wote, watu wanatuambia "hata tukiwapa kura mtaondolewa". Hapo najibu nini?

Mama wa Vingunguti

La sukari: usigawe. Ni rushwa, na takrima, ule ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta tangu mwaka 2006. Tena sukari mwenzako mwenye hela atagawa kilo mbili pale ulipogawa moja. Mtu wa katikati atapokea za wote wawili na bado atasema "tutaangalia". Kama una hela kidogo, toa fotokopi za karatasi moja yenye tarehe, kituo, na mambo matatu mtakayoyafanya kuhusu barua, taka na mapato ya mtaa.

La 2019 linauma, na swali lao ni la haki. Vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wengi kuenguliwa, CCM wakachukua zaidi ya asilimia 99 ya mitaa. Usiwaahidi kwamba halitarudi, hilo haliko mikononi mwako. Waonyeshe mlichofanya kwa upande wenu. Fomu zinachukuliwa na kurudishwa kati ya Oktoba 26 na Novemba 1. Mgombea asijaze peke yake. Akae na mtu mwenye kadi yake ya NIDA mkononi, jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo, kila kipengele kijazwe, fomu ipigwe picha kabla ya kurudishwa, na irudishwe siku ya kwanza ili kukiwa na pingamizi muda uwepo. Kisha waambie wapangaji hivyo hivyo, kwamba fomu imerudi na nakala hii hapa.

Kampeni ni Novemba 20 hadi 26, siku saba, na nyua zote hamtazimaliza kwa siku saba. Anzeni na hiyo nyumba ya vyumba vinne, na mmoja wa wapangaji wake awapeleke nyumba ya pili.

Katibu wa tawi, Buza

Sawa mama. Kikao cha tawi ni Jumamosi. Hela ya spika naomba iende kwenye fotokopi, na jina la mpangaji wa kugombea ujumbe ninalo tayari. Ni dada wa chumba cha pili hapo hapo jirani. Nitarudi hapa kueleza wamesemaje.