Diski ya harusi ya dada yangu kaigeuza kioo cha kuchania ndevu!!

Mtoto wa Mkunazini:
Asalaam aleikum wana jukwaa. Nimetoka dukani kwake sasa hivi, hata viatu sijavua. Simtaji, mnamjua. Yule yule wa deki za mtumba, ndevu nyekundu za hina, bei inapanda kila mteja mpya akiingia.

Kaichukua diski ya harusi ya dada yangu, kaigeuza upande unaong'aa, kajitazama, katoa kitana mfukoni, KACHANA NDEVU. Mbele ya watu!

Harusi ilikuwa Maskati. Mama miguu haimruhusu kusafiri, kwa hivyo binti yake kaolewa na yeye yuko huku barazani. Dada akatutumia harusi nzima kwenye diski ya Blu-ray, zile za picha safi kuliko DVD, ya GB 50, toka usiku wa hina mpaka kutoka bi harusi. Nikenda kwa bwana yule nikamwambia kwa Kiswahili kitupu: nataka deki ya Blu-ray. Akashusha limashine leusi, akalipiga kofi mgongoni: "Hii ni HD, inachukua HD zote, za zamani na mpya." Nikalipa.

Mama kavaa kanga mpya. Majirani wamejaa mpaka ukumbini, halua ishakatwa. Deki ikaimeza diski, ikakoroma, ikaitema. Nikairudisha, ikaitema. Mama anauliza, "Bi harusi keshatoka?" Nimwambie nini?

Nikasoma maandishi ya mbele kwa tochi ya simu: HD DVD. Jamani! Ule mfumo uliokuwa ukishindana na Blu-ray, umekufa tangu 2008! Januari ile Warner, wale wa filamu, walitangaza wanabaki na Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari Toshiba, wenye HD DVD yao wenyewe, wakanawa mikono. Waliouzaa wameuzika, yeye kaufukua kaniuzia mie.

Nikarudi. Sikutukana. Nikasema, shekhe, hii si Blu-ray. Akajibu diski yangu mbovu. Nikamwambia dada kaitazama yote kabla hajaituma. "Hebu nione." Ndipo akaigeuza, akachana ndevu taratibu, kushoto, kulia, chini ya kidevu, akasema: "Mbona nzima hii? Sura yangu naiona vizuri kabisa." Duka zima likaangua kicheko. Muuza kahawa kaweka dele chini kwa kucheka.

Kuna unywele mmoja mwekundu umebaki juu ya diski. Nimeukunja kwenye karatasi. Ushahidi. Simsamehi dunia wala akhera.

Karafuu Mbichi:
Wallahi huyo namjua! Mie kaniuzia rimoti, nimefika nyumbani ndani tupu, plastiki na vifungo basi. Nimerudi ananambia "hukuuliza kama ina vitu ndani."

Baraza la Jioni:
Pole kaka, lakini ndevu zilitoka vizuri au hazikutoka? 😂😂

Mtoto wa Mkunazini:
Cheka tu. Siku yako inakuja.

Ukisasa:
Na weye karne hii bado wanunua deki? Hata hiyo Blu-ray unayoililia, Sony wameacha kutengeneza diski tupu za kurekodia Februari 2025. Dada angetuma kwa simu yakesha.

Mtoto wa Mkunazini:
GB 50 niishushe kwa bando la nani, la baba yako? Na mama aitazame wapi, kwenye kioo cha simu kilichopasuka? Kwanza tatizo si diski wala simu. Mtu mzima kachana NDEVU juu ya sura ya dada yangu.

Bi Kizee wa Mtandao:
Labda ile mambo ya kanda, kila upande wa dunia na diski zake. Diski za Arabuni huku hazichezi.

Fundi Mtulivu:
Si hivyo, bibi. Kwa Blu-ray, Oman na sisi tuko kanda moja, B, na diski ya kujirekodia nyumbani haina kanda kabisa. Tatizo ni lenzi. Deki zote mbili zinatumia leza ya buluu ya nanomita 405, ndiyo maana watu wanachanganya. Lakini HD DVD data yake iko milimita 0.6 ndani, kama DVD ya kawaida. Waliiacha hapo ili viwanda vya DVD viweze kuitengeneza bila gharama kubwa, ila tabaka moja likabeba GB 15 tu. Blu-ray data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, lenzi yake kali zaidi, tabaka moja linabeba GB 25. Deki ya HD DVD haiwezi kuisoma hata uisomee dua. Deki ya kucheza zote mbili iliwahi kuwepo, LG waliitoa 2007, lakini hiyo yako siyo. Itakuchezea DVD na CD, basi. Mdai pesa yako.

Mtoto wa Mkunazini:
Mmesikia? Milimita 0.1! Na yeye kashika kitana juu yake! Likikwaruzika je? Usiku wa hina umo humo, akdi imo humo!

Fundi Mtulivu:
Uso wa Blu-ray wanaupaka utando mgumu, kitana hakiufanyi kitu. Unywele ufute kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda nje, usizungushe.

Mtoto wa Mkunazini:
Unywele nimeshautoa, nimesema ni ushahidi.

Baraza la Jioni:
Upeleke kwa mkemia mkuu 😂

Mpemba wa Wete:
Nyie wa Unguja mwalilia ndevu. Siye huku umeme ulikatika ukarudi na kishindo, deki, TV na friji vyote kwaheri siku moja. Nani kachana ndevu? Hakuna. Nani kalipa? Hakuna.

Karafuu Mbichi:
Afadhali hata huyo muuza deki. Mie mwenye kinyongo na mpiga video wa harusi yetu. Saa nzima kachukua sufuria la biriani, bi harusi kapita kama sekunde mbili, tena mgongo.

Bi Kizee wa Mtandao:
Sufuria? Yule wa kizibao cha mifuko mingi?

Karafuu Mbichi:
Huyo huyo!!

Mtoto wa Mkunazini:
Jamani turudi kwenye mada. Mama bado hajaiona harusi.

Mpemba wa Wete:
Wa kizibao? Alikuja mpaka Chake. Ya kaka yangu hajaileta hadi leo na mtoto keshaanza skuli. Ukimpigia, "naedit, naedit."

Bi Kizee wa Mtandao:
Kwetu kaweka nyimbo juu ya hotuba ya sheikh. Babu hasemi naye mpaka leo.

Karafuu Mbichi:
Na anataka nusu ya pesa kabla hajawasha kamera! Fungueni uzi wake peke yake, watu wana mengi.

Baraza la Jioni:
Mie simjui huyo. Ana bei gani? Nna harusi mwezi ujao.