Naomba ushauri: kanisani niko, lakini moyoni nasikia kukauka

Bwana Yesu asifiwe bandugu na badada. Niko huku Goma, naendesha moto (pikipiki ya kubeba wateja), natoka mapema narudi usiku, mara Birere mara Majengo mara Himbi, vumbi mpaka kwenye meno. Siyo kwamba nimeacha kanisa hapana, shorale (kwaya) niko, mkesha niko, kufunga nafunga. Lakini kuongea na Yesu mwenyewe, mimi na yeye tu, hiyo njo inanishinda, nikipiga magoti usingizi unanibeba, nikifungua Biblia kwenye telefone mesaji za wateja zinaingia, basi imeisha.

Nasomaka Yohana 15, pale Yesu anasema tukae ndani yake sababu tawi haliwezi kuzaa lenyewe, nasikia kama anasema na mimi kabisa. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia nifanye kama Yesu kwenye Marko 1:35, kuamka giza ikiwa bado na kwenda mahali pa pekee. Sawa, lakini mahali hapo nitapatoa wapi, chumba kimoja na watoto wote, na kutoka inje saa ile hapa kwetu siyo akili.

Naomba wale wa kazi kama yangu, siyo wachungaji tu (musikasirike ba pasta), munafanyaka namna gani? Maombi mafupi nikingojea mteja pale Signers yana uzito ao najidanganya? Zaburi munashika moja wiki nzima ao munasoma kwa kufuatana? Na huu ukavu, ni dhambi inanifunga ao ni uchovu tu ya kazi?