Naomba ushauri: kutoa mafuta kwenye supu ya mifupa bila friji

Wapishi wenzangu, naombeni msaada. Ni kilo 1 ya mifupa kutoka soko la Burma, maji lita 3, sufuria ya kawaida kwenye jiko la makaa. Mfuniko umelegea, kwa hiyo jiwe safi linaukandamiza. Moto mdogo, saa 3. Ikitokota kwa nguvu mafuta huvurugika ndani na supu haiwi angavu. Kichungio cha chai kinanasa vipande vya mifupa vizuri kabisa.

Shida ni mafuta. Upawa unachota na supu, na kuiacha ipoe usiku kucha ni kuiharibu. Je, sufuria ikikalishwa kwenye beseni la maji baridi, yabadilishwe mara ngapi ndipo mafuta yagande juu?