Safari ya Bi Mkubwa Maskati

Da Rukia 07:12
Asalaam alaykum. Bi Mkubwa anasafiri Jumanne ya wiki ijayo, kwenda harusini Maskati. Jana namfungia mkoba, nakuta vidonge vyake vya usingizi vimeviringwa gazetini, vimetiwa kwenye kopo la vitamini. Diazepam. Na anabadilisha ndege Dubai. Nijibuni, msisome mkapita.

Da Rukia 07:49
Alama za buluu naziona.

Hamadi 08:05
Waalaykum salaam. Si vya usingizi tu? Atalala, akiamka kafika 😂

Mwanakombo 08:06
Bila kidonge tu anakoroma mpaka mtaa wa pili, akimeza rubani ataombaje kutua 😂😂

Hamadi 08:06
😂😂😂

Da Rukia 08:11
Hapa kwetu tumezoea kuvinunua dukani kama peremende. Dubai dawa hiyo huingii nayo hivihivi. Inaombwa kibali mtandaoni kabla ya safari, kwa cheti cha daktari na nakala ya pasi. Ukikutwa nayo bila karatasi, ni kesi ya dawa za kulevya.

Ami Seif 09:30
Lakini yeye anapita tu, hatoki uwanjani.

Da Rukia 09:33
Ami, kwa heshima yako, sheria yao haikungoji utoke nje. Wapo waliokamatwa wakibadilisha ndege.

Hamadi 09:41
Basi avitie kwenye pakiti ya Panadol yaishe.

Da Rukia 09:42
Wewe wa kusema hayo? Umeshasahau kile kifurushi?

Hamadi 09:44
Sijasahau. Kifurushi alinipa Mwanakombo na radhi hajaniomba mpaka leo.

Mwanakombo 09:47
Hilo tena! Nilikwambia mna achari na dawa ya kikohozi ya mkwe wangu.

Hamadi 09:48
Hukuniambia ina kodeni, ile ya kulevya. Nimekaa masaa tisa kwenye kile chumba cha uwanjani, naulizwa mimi.

Mwanakombo 09:49
Nami nilijuaje?

Da Rukia 09:55
Hayo mtayamaliza kikaoni. Nani atampeleka kwa daktari Jumatatu?

Da Rukia 11:20
???

Da Asha 13:26
Ndiyo natoka zamu. Tafadhali, asije mtu akamnyang'anya vile vidonge. Anavitumia tangu marehemu atutoke. Vikikatwa ghafla atatetemeka, anaweza hata kuanguka kifafa. Kupunguziwa ni kwa daktari, tena kidogokidogo. Aandikiwe barua ya Kiingereza: jina halisi la dawa, si la kampuni, kipimo chake, anatumia kwa nini. Vikae kwenye boksi lenye jina lake, kwenye mkoba wa mkononi, vya siku za safari tu.

Kassim Maskati 14:02
Huku Oman nako karatasi zinatakiwa. Kwani hakukuwa na ndege ya moja kwa moja?

Da Rukia 14:03
Aliyekata tiketi anajijua.

Ami Seif 14:10
Nilitazama bei, mwanangu.

Mjomba Othman 16:38
DADA YANGU HAJAPATA KUSIMAMISHWA MBELE YA ASKARI TANGU AZALIWE. HAPANDI NDEGE MPAKA KARATASI ZITIMIE. ZISIPOTIMIA, HARUSI ITAPITA BILA YEYE. NA HUYO ALIYETAJA PAKITI YA PANADOL ANIPIGIE SIMU.

Mwanakombo 16:52
Naam Mjomba.

Ami Seif 17:05
Umesema kweli, kaka.

Hamadi 17:31
Nimepiga, Mjomba. Samahani nyote.

Da Rukia 17:34
Haya. Jumatatu nani?

Hamadi 17:40
Gari yangu iko gereji.

Mwanakombo 17:58
Mie labda Jumatano.

Da Rukia 17:59
Jumatano tumechelewa. Nitampeleka mie. Asha, fomu ya kibali utaijaza?

Kassim Maskati 18:15
Nitumieni picha ya pasi, nianze mie huku. Asha atazame majina ya dawa.

Bi Mkubwa 18:47
Kopo langu kafungua nani

Bi Mkubwa 18:49
Mie kwa daktari siendi. Yule wangu kastaafu

Da Rukia 18:53
Bi, shikamoo. Nakuja baada ya magharibi tuzungumze. Kopo liache palepale.